Maneno Yanapokatwa Njiani: Kasoro Moja ya Kunakili Data

Wavunaji wa mikoko katika delta ya Rufiji huipanga miti waliyoikata kwa unene wake. Fito ni nyembamba, mapau huzidi fito, boriti huzidi mapau, na nguzo huzidi boriti. Kwa karne nyingi boriti hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Unguja, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, na huko zikabeba dari za nyumba za mawe. Ndiyo sababu vyumba vingi vya nyumba za kale za mwambao ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa mita 2.5 hadi 3 hivi: upana wa chumba uliamriwa na urefu wa boriti.

Katika kanzidata ya kompyuta mambo huenda kinyume. Chumba hujengwa kwanza, na boriti huja baadaye. Mjenzi hukisia upana utakaotosha, kisha siku moja huletewa boriti isiyoingia. Hapo kuna njia mbili tu: ama fundi husimamisha kazi na kupiga kelele, ama huikata boriti kimya kimya na kuendelea. Makala haya yanaeleza kwa nini njia ya pili ni ya hatari zaidi, na namna ya kuitafuta kasoro hiyo pale inapotokea.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kanzidata ni mkusanyo wa taarifa uliopangwa katika majedwali. Kila jedwali lina mistari na safu. Mstari mmoja hueleza kitu kimoja, mathalani mti mmoja uliopimwa. Safu ni nafasi ya sifa moja ya kitu hicho: kijiji ulipo mti, jina lake, unene wake. Aliyetengeneza jedwali huipa kila safu ya maneno upana wake, yaani idadi ya juu ya alama zinazoweza kukaa ndani yake. Alama ni herufi, tarakimu, kituo au hata nafasi tupu baina ya maneno. Mwanafunzi asiisahau nafasi tupu hiyo, kompyuta haiisahau.

Desturi ya kupima upana ni ya zamani kuliko kompyuta za elektroniki. Kadi za matundu zilizoenea tangu mwaka 1928 zilikuwa na safu 80 tu, na kila taarifa juu ya mtu au mzigo ilipaswa kuenea humo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, katika enzi iliyohesabu kila alama kama mfanyabiashara anavyohesabu senti. Siku hizi nafasi ni rahisi, lakini tabia ya kubana imebaki, na majedwali mengi yaliyobanwa zamani yangali yanatumika.

Sasa tuchukue mfano. Kata ya Salale iko ndani ya delta ya Rufiji, na Nyamisati, bandari wanayopandia wasafiri waendao Mafia, imo katika kata hiyo. Delta hii ina mikoko ya hekta zipatazo 53,000, eneo kubwa kuliko mengine yote ya mikoko katika mwambao wetu. Tuseme klabu ya mazingira ya shule moja ya sekondari imeanza kuandika hesabu ya miti inayopandwa upya na ile inayokatwa. Mwanafunzi aliyetengeneza jedwali alikuwa mwangalifu. Alitazama majina ya vijiji vya jirani, akaona refu kuliko yote ni Nyamisati, lenye herufi 9. Akaipa safu ya kijiji upana wa alama 9. Kwa upande wa miti aliandika jina la jenasi tu la kisayansi: Rhizophora kwa mkoko, Sonneratia kwa mlilana, Xylocarpus kwa mkomafi. Majina hayo yote yana herufi 10, naye akaipa safu ya mti upana wa alama 10. Kwa taarifa alizokuwa nazo, hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa.

Mwaka uliofuata shule nyingine za delta zikajiunga. Wanafunzi wakapima miti kwa kutumia simu, na simu nyingi huhifadhi data katika mfumo uitwao SQLite, ambao haujali upana uliotajwa. Ukiandika kwamba safu ni ya alama 9, mfumo huo utapokea alama 90 bila kunung'unika. Data zikajaa humo bila tatizo lolote. Kisha ikaja siku ya kuzinakili kutoka safu za simu kwenda safu za jedwali la klabu.

Katika data mpya kulikuwa na vijiji vya Mbwera Mashariki na Mbwera Magharibi. Kila jina lina alama 16. Vikikatwa kwenye alama ya 9, vyote viwili huwa "Mbwera Ma". Katika safu ya miti, safari hii yaliandikwa majina kamili ya spishi: Xylocarpus granatum, ambao ndio mkomafi tuujuao, na Xylocarpus moluccensis, nduguye anayepatikana pia katika mwambao wa Afrika Mashariki. Vikikatwa kwenye alama ya 10, vyote viwili huwa "Xylocarpus".

Hapa ndipo penye madhara hasa. Jina lililokatwa, kama lingebaki la pekee, msomaji angeweza kulikisia. Lakini majina mawili yaliyokatwa hadi yakafanana hayawezi kutenganishwa tena na mtu yeyote. Tuseme Mbwera Mashariki palipandwa miche 300 na Mbwera Magharibi 40. Ripoti itasema kwamba kijiji kiitwacho "Mbwera Ma", ambacho hakipo duniani, kina miche 340. Atakayepanga mahali pa kupeleka miche mingine hatajua ni ng'ambo ipi ya mto yenye upungufu. Hesabu ya jumla itakuwa sahihi, na kwa sababu hiyo hakuna atakayeshuku.

Je, kompyuta itapiga kelele au itakaa kimya? Jibu hutegemea mfumo, na mwalimu wa somo hili hana budi kuujua mfumo anaoutumia. PostgreSQL hukataa: husema thamani ni ndefu mno kwa safu hiyo, na unakili wote husimama. Lakini mfumo huohuo, ukiuamuru kwa maneno yako mwenyewe kwamba uigeuze matini kuwa ya alama 9, utaikata bila kusema neno, kwa kuwa umeamuru. MySQL kwa miaka mingi ulikuwa ukikata na kutoa onyo tu, onyo ambalo wengi hawakulisoma. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 tabia yake ya kawaida ni kukataa. SQL Server hukataa, lakini hadi kabla ya toleo la mwaka 2019 ujumbe wake wa kawaida ulikuwa wa kukatisha tamaa: ulisema kwamba matini ingekatwa, bila kutaja ni safu gani wala mstari gani. Mwenye jedwali la safu 60 na mistari 1,000 aliachwa atafute mwenyewe. Toleo la 2019 hutaja jedwali, safu na hata matini yenyewe. Hata hivyo mfumo huo una mahali pake pa kimya: ukiigeuza matini bila kutaja upana, huchukua alama 30 za mwanzo na kuziacha nyingine.

Watu wengi huuchukia ujumbe wa kosa. Huuona kama mlinzi mkorofi aliyesimama mlangoni, na hutafuta namna ya kumwondoa. Mtandaoni mtu ataona ushauri wa kuzima ukali wa mfumo ili kazi ipite. Kwa maoni ya mwandishi huo ni ushauri mbaya kupita kiasi. Mlinzi aliyezuia mzigo amekutajia kwamba mzigo haulingani na mlango. Ukimwondoa, mzigo utapita, lakini utapita umekatwa.

Basi ujumbe wa kosa ukitokea, kazi ya kwanza ni kupima, wala si kurekebisha. Kwa kila safu ya maneno katika chanzo, tafuta urefu wa matini ndefu kuliko zote, kisha uulinganishe na upana wa safu inayopokea. Katika mifumo mingi amri ni MAX(LENGTH(kijiji)), ambapo "kijiji" ni jina la safu. Katika lahajedwali la Excel, andika =LEN(B2) pembeni mwa data, ivute hadi chini, halafu tafuta namba kubwa kuliko zote. Wanaotumia SQL Server wajihadhari: amri yake ya LEN haihesabu nafasi tupu zilizo mwishoni mwa matini, na nafasi hizo huweza kuizidisha matini iliyoonekana kwa jicho kuwa fupi. Huko yafaa kutumia DATALENGTH, inayohesabu baiti zote.

Ikiwa kwa sababu fulani upimaji hauwezekani na ujumbe hautaji mstari, hisabati itakusaidia. Gawanya mistari 1,000 katika nusu mbili, unakili nusu moja katika jedwali la majaribio. Ikipita, ubaya uko katika nusu ya pili. Isipopita, uko katika ya kwanza. Igawanye tena nusu yenye ubaya. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024, mstari mbovu ukiwa mmoja utapatikana baada ya majaribio 10, badala ya kutazama mistari 1,000 mmoja mmoja.

Matini ndefu ikishapatikana, isomwe kwa macho kabla ya kuamua lolote. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Si kila matini ndefu ni halali. Pengine mwandishi aliandika maelezo katika safu ya kijiji. Pengine safu zimesogea: data zilizohifadhiwa kwa kutenganishwa na mkato huharibika mtu akiandika "Nyamisati, Salale" pasipo alama za kunukuu, kwa maana mkato huo huhesabiwa kuwa mpaka wa safu, na kila kilicho kulia husogea hatua moja. Maoni marefu ya mpimaji hujikuta yakibisha hodi katika safu ya tarehe au ya namba ya simu. Anayeipanua safu papo hapo ili maoni hayo yaingie atakuwa amekaribisha data mbovu ndani na kumfungia nje aliyetaka kumwonya.

Lakini matini ikiwa halali, kama ilivyo Mbwera Mashariki, safu ipanuliwe. Ubahili hauna faida hapa. Katika mifumo ya leo safu ya upana unaobadilika haitumii nafasi kwa alama ambazo hazikuandikwa, basi kuipa safu ya kijiji alama 60 hakuongezi gharama yoyote ya kutajika. Njia bora zaidi kwa majina yanayorudiwarudiwa ni kuyaandika mara moja tu katika jedwali la pembeni, kila kijiji na namba yake, kisha jedwali la vipimo likabeba namba hiyo. Namba fupi haikatwi, na mwandishi hawezi kukosea tahajia ya jina.

Yako makato mengine yasiyotokana na upana uliowekwa na mjenzi, bali na chombo kinachobeba data njiani. Ramani za misitu, pamoja na za mikoko, huhifadhiwa sana katika muundo wa faili uitwao shapefile, ambao majedwali yake yamerithi sheria za dBASE ya miaka ya 1980: matini haizidi alama 254, na jina la safu lenyewe halizidi alama 10. Mwanafunzi aliyetaja safu zake urefu_wa_mti na urefu_wa_mzizi atakuta zote mbili zimekuwa urefu_wa_m, au programu imeibandika moja tarakimu ili kuzitofautisha. Ipi ni ya mti na ipi ni ya mzizi? Faili haisemi.

Chombo kingine ni kile kinachosoma Excel kwa niaba ya kanzidata za Microsoft. Kwa kawaida chombo hicho hutazama mistari 8 ya mwanzo tu ili kukisia aina ya kila safu. Kama maoni ya wapimaji 8 wa mwanzo ni mafupi, huamua kwamba safu ni ya matini fupi, na maoni ya mpimaji wa 9, hata yakiwa ya alama 400, hukatwa kwenye alama ya 255. Wenye uzoefu huuweka mstari wenye matini ndefu kuliko zote juu kabisa ya jedwali kabla ya kunakili. Ni hila isiyopendeza, lakini inafanya kazi.

Excel ina kosa jingine linalowagusa watu moja kwa moja. Namba ya utambulisho ya taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Ikiandikwa bila vistari katika safu ya kawaida, Excel huidhania kuwa hesabu, nayo haishiki zaidi ya tarakimu 15 za hesabu yoyote. Tarakimu 5 za mwisho hugeuzwa sifuri. Urefu unabaki 20, basi kipimo cha urefu hakitaonyesha kasoro, ilhali mwenye namba amepotea. Dawa ni kuitangaza safu kuwa ya matini kabla ya kuandika chochote ndani yake. Ukiitangaza baadaye, tarakimu zimekwisha kwenda. Kanuni hiyohiyo huzilinda namba za simu zisipoteze sifuri ya mwanzo.

Imebaki fumbo moja, nalo huwashangaza hata wataalamu: matini inayohesabika kuwa na alama 10, safu ina upana wa 10, na bado mfumo unasema haienei. Sababu ni kwamba baadhi ya mifumo haihesabu alama bali baiti, yaani vipimo vya hifadhi ya kompyuta. Katika mpangilio wa UTF-8, herufi za kawaida za Kiswahili huchukua baiti 1 kila moja. Herufi zenye nukta au mikwaju juu huchukua 2. Delta ya Rufiji ina mfano wake wa kihistoria. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani ilijificha katika mikono ya mto huu, nayo ikaangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915, baada ya kushambuliwa na meli za Kiingereza Severn na Mersey. Jina lake, Königsberg, lina herufi 10 lakini baiti 11. Katika safu ya Oracle iliyotajwa kuwa ya 10, ambayo kwa kawaida hupimwa kwa baiti, jina hilo litakataliwa.

Msomaji asidhani jambo hili ni la Wajerumani peke yao. Neno ng'ombe lina alama 7, pamoja na kile kikwaju cha juu. Kikiwa kimenyooka huchukua baiti 1, na neno zima ni baiti 7. Lakini programu za kuandikia hupenda kukigeuza kuwa kilichopinda, na hicho huchukua baiti 3. Neno hilohilo huwa baiti 9. Kwa jicho hakuna tofauti ya maana. Kwa safu ya baiti 8, moja huingia na jingine hukataliwa. Mbaya zaidi, yaonekana kama maneno mawili tofauti, na Chang'ombe iliyoandikwa kwa simu haitalingana na Chang'ombe iliyoandikwa ofisini.

Je, kama kukatwa kulikwisha kutokea miaka iliyopita na hakuna aliyetambua? Kuna dalili ya kuitafuta. Hesabu urefu wa kila matini katika safu, kisha chora mchoro wa nguzo: urefu huu una mistari mingapi, na urefu ule mingapi. Majina halisi hutawanyika. Mengi ni ya kati, machache ni marefu sana, na mchoro hushuka taratibu upande wa kulia. Safu iliyokatwa huonyesha rundo la ghafla kwenye urefu mmoja, na baada ya hapo hakuna kitu, mfano wa takataka zilizosukumwa na maji kujaa zikakwama kwenye wando. Rundo likiwa penye 10, 30, 254 au 255, mkataji anaweza kukisiwa mara moja kutokana na yaliyoelezwa hapo juu.

Kilichokatwa hakirudi kwa kuipanua safu baadaye. Hurudi kwa kunakili upya kutoka chanzo, kwa hiyo simu za wapimaji zisifutwe, wala karatasi za vipimo zisichomwe, hadi urefu wa matini katika chanzo na katika jedwali jipya umelinganishwa safu kwa safu na kuonekana ni sawa. Kulinganisha idadi ya mistari hakutoshi. Katika mfano wetu wa Mbwera hakuna mstari hata mmoja uliopotea.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila kompyuta. Kila mwanafunzi achore visanduku 20 kwa mstari katika daftari la hesabu, aandike majina yake matatu, alama moja kwa kila kisanduku, nafasi tupu zikiwemo. Kisha wote wafute kila kilicho baada ya kisanduku cha 10, halafu wafute kila kilicho baada ya cha 5. Katika hatua ya pili Mwanahamisi, Mwanahawa, Mwanaidi na Mwanajuma watakuwa wote "Mwana". Darasa lihesabu ni wanafunzi wangapi waliobaki na jina la peke yao katika kila hatua, na lichore mchoro wa nguzo wa urefu wa majina kabla ya kukata na baada yake. Shule za pwani na za bara zikifanya jaribio hilihili zitapata michoro isiyofanana, na yafaa zipelekeane.